Mawe ya Babati na Kuta Zetu

Mtu wa Visiwani afikapo Babati kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni baridi ya alfajiri, ambayo mwenyeji wa pale haihesabu kuwa baridi. La pili ni mawe. Yamo mashambani katikati ya mahindi na mbaazi, yamo kandokando ya njia, yamo chini ya miti ambako wazee hukaa kupunga upepo. Na juu ya yote umesimama Mlima Kwaraa, volkano iliyozimika zamani na kuvikwa msitu. Sisi tuliozaliwa juu ya matumbawe, ambao jiwe kwetu ni kitu cheupe chenye vitundu na harufu ya bahari, hulitazama jiwe hili zito la bara na kujiuliza: watu hawa wamejengea nini utajiri wote huu?

Nilifika huko Oktoba 2023, pamoja na wananchi wengine wengi, kushuhudia kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilichofanyika tarehe 14 ya mwezi huo katika Uwanja wa Kwaraa. Siku ya sherehe si siku ya kutazama kuta. Baadaye nikarudi kwa kazi ya Chama, nikakaa siku tisa, na kwa kuwa vikao vyetu vilianza asubuhi na kwisha alasiri, jioni zangu zilikuwa huru. Nikatembea kutoka Bagara hadi Maisaka, nikashuka mpaka ufukwe wa Ziwa Babati ambako viboko hupumua kama watu waliochoka, nikapanda tena barabarani. Niliyoyaona nimeyaandika hapa kwa sababu yanatuhusu sisi wa Unguja na Pemba kama yanavyowahusu wa Manyara, na kwa sababu yako katika uwezo wa viongozi wanaolisoma gazeti hili.

Babati si mji wa jana, bali ukubwa wake ndio wa jana. Njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma hupita katikati yake, na papo hapo huchepuka njia ya Singida. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikafanywa makao makuu. Na mwaka 2018 ilipofunguliwa barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma, mji ukajikuta uko kwenye mkondo wa magari usiku na mchana. Tangu hapo ofisi za serikali, mabenki, maduka na nyumba za wageni zimechipuka kama uyoga. Mji wa namna hiyo una bahati ambayo miji mikongwe haina: bado unauchagua uso wake. Lakini uso huo unachaguliwa harakaharaka, na aghalabu na watu wasiokuwapo.

Jiwe la Babati linatumika, tusiseme halitumiki. Linatumika msingini, ambako hufukiwa. Linatumika katika mitaro ya maji ya mvua, nayo ni kazi njema sana. Mtaro wa mawe uliojengwa kwa mkono wa fundi anayejua huvumilia maji yateremkayo mlimani kwa ghadhabu, na Babati ni mji unaoyajua maji, kwa kuwa mwaka 1990 ziwa lilifurika na kuwatoa watu majumbani mwao. Zaidi ya hapo jiwe hupondwa kuwa kokoto. Juu ya msingi ukuta ni tofali la kuchoma, ambalo limekula kuni nyingi za nchi, au ni tofali la saruji. Na mwenye fedha hutaka juu ya tofali hilo pawekwe mapambo.

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu njiani kama mwehu. Palikuwa na jengo moja jipya la umma (sitalitaja, maana lina ndugu zake wengi katika kila mkoa na hata kwetu) ambalo ukuta wake wa mbele umebandikwa vigae vya kiwandani vilivyochorwa picha ya mawe. Vigae hivyo vimetoka ng'ambo, vimevuka bahari, vimelipiwa ushuru bandarini Dar es Salaam, vimepakiwa katika lori na kupandishwa bara siku mbili, ili vifike Babati viige sura ya mawe. Nyuma ya jengo hilohilo, hatua zisizozidi mia, palikuwa na rundo la mawe halisi yaliyong'olewa kiwanjani ili kupisha ujenzi. Yalikuwa yakingoja gari la kuyatupa. Vigae vitatu au vinne vilikwisha banduka, na chini yake palionekana saruji tupu.

Mwaka 1977, alipoupima mwendo wa nchi baada ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wananchi wamepumbazwa na saruji na bati: mtu ana udongo mwema wa kufyatulia matofali na vigae, naye hukaa miaka mingi akiingoja saruji kana kwamba ni udongo uliotakaswa Ulaya. Wako watakaosema kuwa maneno yale yamepitwa na wakati, na kwa upande mmoja wana haki. Saruji si ya Ulaya tena. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuizalisha mwaka 1966, tena kwa kuchoma chokaa ya matumbawe, jiwe lilelile la pwani yetu. Na Tanga na Mbeya nazo zikafuata. Hivyo saruji nayo ni jiwe, ila limepikwa kwa moto mkali na kulipiwa gharama ya moto huo. Ugonjwa alioueleza Mwalimu haukuwa ndani ya mfuko wa saruji. Ulikuwa katika kudhani kwamba kitu kilicho karibu hakina heshima, na ugonjwa huo haujatibiwa. Umebadili dawa tu, kutoka saruji hadi kigae chenye picha ya jiwe.

Nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Arusha, niliwakuta akina mama wanaoponda kokoto. Walikuwa watano chini ya turubai la buluu lililofungwa juu ya miti minne. Kila mmoja alikuwa na nyundo, pete ya mpira wa gurudumu ya kulizuia jiwe lisiruke, na rundo lake. Macho hayakuwa na kinga yoyote. Nilimsalimu aliyekuwa karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kivulini."

Nikamwuliza kokoto zile anamwuzia nani. Akasema anamwuzia mwenye gari, kwa ndoo, na mwenye gari ndiye ajuaye zinakwenda wapi. Nikamwuliza kama jiwe zima halinunuliwi kwa bei iliyo bora kuliko la kupondwa. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

"Jiwe zima ni la msingi, baba. Likishafukiwa, nani atalitazama?"

Katika neno hilo umo uchumi wote wa jambo hili. Jiwe likivunjwa kuwa kokoto, thamani yake hushuka mpaka kwenye ndoo. Mwanamke huyu huifanya kazi iliyo nzito kuliko zote katika ujenzi, naye hupata sehemu iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyemwomba amletee jiwe lenye umbo. Likichongwa pande nne kwa tindo, likawa na uso mmoja ulionyooka, jiwe lilelile huwa mali ya namna nyingine: lina fundi, lina kipimo, lina bei ya kujadiliwa. Tofauti ya hali hizo mbili ni ujuzi na soko. Jiwe lenyewe halina kosa.

Ujuzi upo, ingawa ni haba. Nilionyeshwa fundi mmoja, mzee wa Kirangi, ambaye tulianza kwa salaam alaykum tukamalizia kwa chai. Amejenga mitaro, kuta za kuzuia udongo, na ngazi za misikiti miwili. Aliniambia mambo ambayo mhandisi wa chuo kikuu huyaandika kwa kurasa nyingi. Jiwe hulazwa, halisimamishwi. Kila baada ya hatua chache lazima liwepo jiwe refu linalopita unene wote wa ukuta, la kuzifunga nyuso mbili pamoja, ama sivyo ukuta utatumbuka kama gunia. Udongo wa kujengea usijazwe kuficha uvivu wa fundi. Jiwe ligusane na jiwe, udongo uwe mgeni tu. Na juu ya ukuta ifungwe linta ya zege, maana nchi hii iko ndani ya Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. Nilimwuliza ana wanafunzi wangapi. Nitalieleza jibu lake mahali pake.

Ndugu msomaji asidhani kwamba nasimulia ndoto. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, umekuwa ukijenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwa miongoni mwa ile ya mwanzo. Daraja la namna hiyo halina nondo. Hujengwa kiunzi cha mbao chenye umbo la tao, mawe yakapangwa juu yake kutoka pande zote mbili mpaka yakutane katikati, kisha kiunzi kikaondolewa. Na tangu hapo kila jiwe humsukuma jirani yake, na uzito wa gari lipitalo huzidi kuyakaza badala ya kuyaachanisha. Wakala wenyewe umesema mara nyingi kwamba gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na daraja la zege na nondo, na sehemu kubwa ya fedha hubaki kijijini katika mikono ya waliochimba, waliobeba na waliojenga. Mwanza nako, mji ulioketi juu ya majabali, njia za milimani ambazo lami ilikuwa ikizolewa na mvua kila mwaka zimetandikwa mawe, nazo zimetulia.

Tukivuka mipaka twaona zaidi. Katika mji wa Addis Ababa, tangu karibu na mwaka 2007, maelfu ya vijana wamefunzwa kuchonga mawe ya kutandika mitaani, na wengi wao wakaanzisha vikundi vya kazi vyenye mikataba na halmashauri za mji. Kaskazini mwa Rwanda, katika wilaya ya Burera, Hospitali ya Butaro iliyofunguliwa mwaka 2011 ilijengwa kuta zake za nje kwa mawe ya volkano ya Virunga. Mawe hayo wakulima wa huko walikuwa wakiyaona kuwa ni adha, wakiyang'oa mashambani na kuyarundika pembeni. Wajenzi walikuwa wanakijiji, wanaume kwa wanawake, wengi wao wakijifunza kazi palepale kazini. Leo wageni hutoka mbali kuja kuzitazama kuta zile. Mtu aliyeona mashamba ya mahindi na mbaazi ya Babati, na marundo ya mawe kwenye mipaka yake, hahitaji kuelezwa kwa nini nimeutaja mfano huu.

Wala asiseme mtu kwamba kujenga kwa mawe ni mambo ya Wajerumani na maboma yao. Kaskazini ya Manyara, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yako magofu ya Engaruka: vijiji, matuta ya kilimo na mifereji ya maji, vyote vya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kazi ya wakulima wa karne ya 15 na zilizofuata. Kusini ya Babati, ukishika njia ya Kondoa, uko Kolo, ambako wahenga walichora juu ya majabali wanyama na watu, na tangu mwaka 2006 michoro hiyo imo katika urithi wa dunia. Zimbabwe imelipata jina lake kutokana na majumba ya mawe. Nasi wa Visiwani tunao msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe yanayotaja mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107. Na aliyefika Kilwa Kisiwani ameuona msikiti mkuu uliojengwa wakati ambapo miji mingi inayotuuzia vigae leo ilikuwa bado ni viambo vya wavuvi.

Walakini haitakuwa haki kulisifu jiwe bila kutaja siku liliposhuka na kuua. Majuma saba tu baada ya sherehe ya Mwenge, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilibomoa ubavu wa Mlima Hanang, na tope, mawe na magogo yakateremka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali iliwajengea waliopoteza makazi nyumba mpya huko Waret. Nilipita Katesh katika safari ile ya pili. Nyumba zimesafishwa, watu wanafanya biashara, lakini mawe mengine yamebaki palepale yalipoishia, mengine makubwa kuliko gari, na watoto huyazunguka wakienda shule.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, anayetaka mawe asiyatafute mlimani. Kwaraa umevikwa Msitu wa Ufiome, na msitu huo ndio unaoyazuia maji yasishuke yote kwa mara moja. Maalimu wetu chuoni alitufundisha kwamba yako mawe yanayotoa maji. Ukiyachimbua mawe hayo kwa baruti, maji yake hayatakuuliza ruhusa. Mawe ya kujengea Babati yako tele katika mashamba na viwanja vinavyosafishwa kila siku, na katika machimbo yenye leseni, ambayo sheria huyahesabu kuwa machimbo ya madini ujenzi. Desturi ya kuchoma matairi juu ya jabali ili lipasuke, niliyoiona katika mikoa mingine, ni sumu kwa mapafu ya mchimbaji na kwa kisima cha jirani, na Afisa Madini asiyeikataza anakula mshahara wa bure. Sababu ya pili ni kwamba jiwe lililoua ndilo pia linalokinga. Nyavu za waya zilizojazwa mawe, na kuta za mawe za kuzuia udongo, ndizo ngao za mitaa iliyo chini ya milima, na kazi hiyo haihitaji kitu chochote kutoka ng'ambo isipokuwa huo waya.

Sasa nirudi nyumbani, maana najua wako wasomaji wa Mkunazini na Chake Chake wanaosema: hayo ni ya Babati, sisi yatuhusu nini?

Yatuhusu sana. Mji Mkongwe wetu, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, umejengwa kwa vitu vinne tu: jiwe la matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na boriti za mikoko. Ukuta wake una unene wa nusu mita na zaidi. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana chumba cha tajiri na chumba cha mtu wa kawaida hukaribiana upana, yapata mita tatu. Chokaa ilichomwa katika tanuri la magogo, ikaachwa ipate maji, ikalazwa miezi mingi kabla ya kutumiwa. Chokaa hiyo hupumua: unyevu huingia ukutani na kutoka. Saruji haipumui. Fundi wa leo akiupiga ukuta wa matumbawe lipu ya saruji, ukuta hung'aa mwaka mmoja au miwili. Ndani yake unyevu na chumvi hufungwa, jiwe huoza polepole, kisha lipu hudondoka na kipande cha ukuta. Mwenye nyumba husema nyumba imezeeka. Haikuzeeka, imesongwa pumzi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na wafanyakazi wawili wakafa. Sina nia ya kumhukumu mtu yeyote. Hayo yana wenyewe. Lakini nilipolitazama lile pengo kutoka Forodhani nilijiuliza ni mafundi wangapi waliobaki katika kisiwa kizima wanaoweza kuusoma ukuta wa matumbawe kwa kiganja. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, imefanya kazi kubwa ya kuwatunza na kuwafunza. Hata hivyo fundi hutunzwa na kazi, na kazi ya kukarabati majumba mazee peke yake haitoshi kumlisha. Fundi wa mawe ataishi iwapo na majengo mapya yatamhitaji.

Liko tena jambo la baraza. Waliojenga Mji Mkongwe hawakuishia kwenye ukuta wa nyumba. Waliutoa nje ukawa kiti. Baraza ya mawe mbele ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba, na papo hapo ni mali ya mpita njia. Hapo ndipo nilipojifunza alifu na bei kabla ya kupelekwa skuli, hapo ndipo wazee wetu walipozungumza siasa mpaka kahawa ikaisha, na hapo ndipo mgonjwa atokaye hospitali hupumzika bila kuulizwa. Hakuna aliyelipia. Babati hakuna kitu hicho. Ufukwe wa ziwa, ambao kwa uzuri haupungui na mahali pengi palipoandikwa vitabuni, hauna mahali pa kukaa mtu asiyenunua soda. Niliwaona vijana wawili wameketi juu ya jabali moja, na mzee mmoja juu ya jingine, wamepeana migongo kwa kuwa majabali yenyewe ndivyo yalivyoelekea. Ukuta mfupi wa mawe, wenye urefu wa mita hamsini na kimo cha magoti, uliowekwa umbali salama na viboko, ungekuwa kiti cha watu mia. Mawe yake yako pale. Sioni kwa nini kazi ya namna hiyo ingoje mfadhili.

Nitajibiwa kwamba jiwe ni ghali kwa fundi na linachelewesha. Ni kweli kwamba ukuta wa mawe huchukua siku nyingi kuliko ukuta wa tofali la saruji, na mkandarasi anayedaiwa tarehe ya kukabidhi hapendi kusikia habari hizo. Ni kweli pia kwamba jiwe la karibu halifai kila mahali. Oman, nchi ambayo milima yake ni mawe matupu, ilipoujenga Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, iliagiza tani 300,000 za jiwe la mchanga kutoka India, kwa kuwa ilitaka rangi na ulaini wa aina hiyo. Mwenye mafuta anaweza kufanya hivyo na asiulizwe. Halmashauri ya mji inayokusanya ushuru wa sokoni yafaa iulizwe. Nami sisemi kila jengo liwe la mawe toka chini hadi juu. Hilo ni jambo la wafalme. Nasema pale ambapo makadirio yameandika vigae vya kupamba ukuta, ngazi, njia ya miguu, uzio, kiti cha bustani au ukuta wa kuzuia udongo, mhandisi aandike jiwe la hapohapo, lililochongwa, kwa kipimo kinachotajwa.

Kila kitu huanzia katika hati hiyo ya makadirio. Fundi haandiki hati, wala mama wa kokoto haandiki. Huandikwa ofisini, na aliyeiandika akisha taja kigae cha aina fulani, mzabuni hana budi kukileta. Sheria haizuii, tena tangu mabadiliko ya mwaka 2016 serikali imetaka asilimia 30 ya ununuzi wa umma iende kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba kwa makundi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Akina mama watano wa turubai la buluu ni kundi tayari. Tindo, nyundo, miwani ya kukinga macho na toroli si mkopo mkubwa. Kinachokosekana ni mnunuzi mmoja mwaminifu, na katika mji wa makao makuu ya mkoa mnunuzi mkubwa kuliko wote ni serikali yenyewe.

Kwetu Visiwani hati hiyohiyo ingetaja chokaa. Saruji yetu yote huja kwa chombo, na mchanga umekuwa haba hata serikali ikalazimika kuudhibiti. Wakati huohuo matanuri ya chokaa yanazimika mmojammoja kwa kukosa wateja. Jiwe la matumbawe nalo lina mwisho, na machimbo yaliyoachwa wazi katika mashamba ya Unguja ni aibu ambayo siku moja itahitaji makala yake peke yake. Lakini baraza za skuli mpya, kuta za bustani, sehemu za kusubiria gari na ngazi za vituo vya afya hazitaki mawe mengi kiasi hicho. Zinataka mafundi wanane au kumi katika kila wilaya, na shimo la chokaa lisilokauka. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vijana. Wazee wenye ujuzi bado wako hai, ingawa hawatungoji sana.

Yule fundi wa Kirangi nilimwuliza, kama nilivyosema, ana wanafunzi wangapi. Alinijibu kuwa alikuwa nao watatu. Mmoja amekwenda Mirerani kutafuta tanzanaiti, akisema kama ni kupiga jiwe basi heri alipige lile lenye bei. Wa pili amenunua pikipiki. Wa tatu alikuwa amechutama mbele yetu, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, akilizungusha jiwe mikononi kutafuta upande wa kulilaza. Mzee hakumwambia neno. Alimwacha aligeuze mara ya nne, kisha akanyosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai.